Mvuke Bila Moto: Maikrowevu na Ladha ya Chakula

Mchicha uliooshwa, ukawekwa kwenye bakuli lenye mfuniko pamoja na matone ya maji yaliyobaki majanini, huiva ndani ya maikrowevu kwa dakika mbili au tatu. Hutoka ukiwa wa kijani kilichokolea, laini, na utamu wake haujapungua, tofauti na ule uliochemshwa kwa maji mengi kisha maji yakamwagwa. Chapati ya jana ikiingia kwenye maikrowevu hiyohiyo kwa dakika moja, hutoka ikifuka mvuke na kulegea, lakini kabla chai haijapoa imeshakuwa ngumu, inavutika mkononi na kuchosha taya. Mashine ni ileile na umeme ni uleule. Kilichotofautiana ni chakula.

Hapo ndipo mjadala wa maikrowevu na jiko unapopotea njia. Wanaoitetea husifu haraka yake, wanaoikataa husema chakula chake hakina ladha, na pande zote mbili huzungumza kana kwamba vyakula vyote vinaiva kwa njia moja. Vipo vinavyohitaji tu maji yake ya ndani yapate moto. Vipo vinavyohitaji uso mkavu wenye joto kali. Na vipo vinavyohitaji muda, hata moto ukiwa mdogo. Mpishi akijua chakula chake kiko kundi gani, anaweza kujua mapema maikrowevu itakitendea nini.

Mashine yenyewe haikuzaliwa jikoni. Kiini chake ni magnetroni, kifaa cha kutoa mawimbi ambacho John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walikipa umbo jipya na nguvu kubwa mwaka 1940 kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aligundua kuwa peremende aliyokuwa nayo mfukoni imeyeyuka alipokuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi. Inasimuliwa kuwa majaribio yake yaliyofuata yalikuwa ya mahindi ya bisi, kisha yai, ambalo lililipuka. Miaka miwili baadaye Raytheon ilitoa Radarange, tanuri lenye kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300, lililonunuliwa na migahawa mikubwa na vyombo vya usafiri. Mwaka 1967 tawi lake la Amana likatoa maikrowevu ya kuweka mezani kwa dola 495, na kuanzia hapo mashine ikaanza kuzoeleka majumbani.

Ili kuelewa kwa nini inaivisha vizuri baadhi ya vyakula na kuvunja moyo kwa vingine, inafaa kufuatilia njia ya joto.

Kwenye jiko la mkaa, la gesi au oveni, joto huanzia nje. Moto hupasha sufuria, sufuria hupasha mafuta au maji, na chakula hupokea joto kupitia uso wake kabla halijasogea polepole hadi katikati. Ndiyo sababu nyama iliyo juu ya makaa huwa kahawia na kavu kwa nje huku ndani ikiwa bado ina majimaji. Wapishi wa pwani wameitumia kanuni hii kwa ustadi tangu zamani: wali wa nazi unapokaribia kukauka hupaliwa makaa juu ya mfuniko, ili joto litoke juu na chini kwa wakati mmoja na kila punje ikauke bila kuungua.

Maikrowevu hufuata njia nyingine. Mawimbi yake, ya masafa ya gigahezi 2.45 na urefu wa karibu sentimita 12, hupita kwenye hewa, kioo na plastiki nyingi bila kuvipasha sana, lakini hunyonywa vizuri na maji. Kila molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, na mawimbi yanapobadili mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde, molekuli hizo hujaribu kugeuka kuyafuata. Kusukumana kwao ndiko kunakozaa joto. Wengi huamini kwamba chakula huivia katikati kwanza, lakini sivyo. Kwa vyakula vingi mawimbi hupenya sentimita moja hadi tatu hivi, na sehemu zilizo ndani zaidi hungoja joto lisafiri kutoka hapo, kama zinavyongoja sufuriani.

Mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba hewa ndani ya maikrowevu haina moto wowote wa maana. Hewa ya oveni huwa na nyuzi 180 hadi 220 za Selsiasi, hivyo hukausha uso wa chakula. Ndani ya maikrowevu, unyevu unaosukumwa kutoka ndani hufika usoni na kubaki hapo, na uso wenyewe unaweza kuwa na joto dogo kuliko sehemu iliyo chini yake. La pili ni kwamba maadamu chakula kina maji ya kutosha, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100. Kwa hiyo maikrowevu, kwa kazi yake halisi, ni chombo cha kupikia kwa mvuke, na mvuke huo hutoka ndani ya chakula chenyewe.

Hasara yake kubwa huonekana kwenye rangi ya kahawia. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana zikipata joto. Mmenyuko huo, unaoitwa kwa jina lake hadi leo, hushika kasi jikoni kuanzia karibu nyuzi 140 na kuzaa mamia ya viambato vya harufu na ladha. Ndio unaotengeneza ganda la mkate, madoa ya chapati, uso wa mishkaki, harufu ya karanga za kukaanga na ya kahawa. Sukari yenyewe huanza kugeuka karameli kwenye joto kubwa zaidi ya hilo. Yote haya hutokea juu ya dari la nyuzi 100, mahali ambapo chakula chenye maji hakifiki ndani ya maikrowevu.

Pilau ni mfano mzuri. Rangi na kina cha pilau ya pwani havitokani na viungo peke yake. Hutokana na vitunguu vilivyokaangwa kwa subira hadi vikawa kahawia iliyokolea, na nyama iliyopata moto wa mafuta kabla ya kutiwa supu. Bizari nyembamba, iliki, karafuu na mdalasini nazo hutoa harufu yake vizuri zaidi zinapokutana na mafuta ya moto, kwa kuwa viambato vyake vingi vya harufu huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Mtu akichanganya mchele, maji, nyama na viungo kwenye bakuli na kubonyeza kitufe, atapata wali wenye viungo, unaolika, lakini haujawa pilau. Nyama choma iko mbali zaidi, kwa sababu mafuta yanayodondokea makaa huungua na moshi wake hurudi kukaa juu ya nyama.

Hata chakula sahili kama kiazi mbatata huonyesha pengo hili. Watafiti nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 walilinganisha harufu ya viazi vilivyochemshwa, vilivyookwa kwenye oveni na vilivyopikwa kwenye maikrowevu. Katika vilivyochemshwa, viambato vitokanavyo na mafuta ya kiazi vilitawala kwa mbali. Katika vya oveni, vile vitokanavyo na mmenyuko wa Maillard na sukari vilichukua nafasi kubwa. Vya maikrowevu vilikuwa katikati, na ulimi hukubaliana na matokeo hayo: kiazi cha maikrowevu ni laini ndani, ganda lake limelegea, na harufu yake haifikii ile ya kiazi kilichookwa.

Lakini dari la nyuzi 100 limewekwa na maji, na maji yakiisha dari nalo huondoka. Vitunguu maji au vitunguu saumu vilivyokatwa vyembamba na kuzamishwa kwenye mafuta ndani ya bakuli la kioo hupoteza unyevu wao taratibu ndani ya maikrowevu, kisha huanza kuwa kahawia na kukauka vizuri kabisa, mradi mpishi avikoroge mara kwa mara na kuviangalia kwa makini mwishoni, maana kutoka kahawia hadi vimeungua ni muda mfupi. Karanga, zenye maji machache, huiva na kutoa harufu yake. Papadi hufura na kuwa kavu kwa chini ya dakika moja bila tone la mafuta, jambo linalojulikana vizuri katika nyumba nyingi za watu wenye asili ya India.

Bisi nazo zimo kundi hili. Punje ya bisi ina unyevu wa karibu asilimia 14, na ganda lake hustahimili shinikizo la mvuke hadi joto linapofika karibu nyuzi 180, ndipo hupasuka. Mifuko mingi ya bisi za maikrowevu huwa na kipande cha karatasi chenye utando mwembamba sana wa metali, ambao hunyonya mawimbi na kupata joto la zaidi ya nyuzi 200. Vifungashio vya aina hiyo hutumika pia kwa pizza za kugandishwa. Watengenezaji walitambua kuwa mashine haina kikaango, wakakiweka ndani ya pakiti.

Upungufu wa pili hauhusu ukali wa moto. Unahusu muda, na hapa ndipo haraka ya maikrowevu inapogeuka hasara.

Kiazi kitamu hakizaliwi na utamu wake wote. Ndani yake mna kimeng'enya, amilasi, kinachovunja wanga kuwa sukari aina ya maltosi, na hufanya kazi hiyo kwa bidii pale kiazi kinapopita kwenye joto la kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Chini ya hapo wanga bado haujafunguka. Juu ya hapo kimeng'enya huharibika. Kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto au kuokwa taratibu hukaa katika joto hilo kwa muda mrefu, na kinapotoka hudondosha majimaji ya sukari. Japani ina wachuuzi wanaochoma viazi vitamu kwa mawe ya moto kwa sababu hiyohiyo ya kuvipa muda. Kwenye maikrowevu yenye nguvu kamili, kiazi huvuka ngazi hiyo ya joto haraka mno. Huiva, kikawa laini, lakini hupungukiwa na utamu. Dawa yake ni kushusha nguvu ya mashine baada ya kiazi kupata moto na kukiacha kiive polepole.

Supu ya makongoro hufundisha jambo hilohilo kwa upande wa nyama. Mishipa na ngozi vimejaa kolajeni, protini ngumu inayogeuka gelatini laini na nzito, lakini hugeuka kwa saa kadhaa za moto mdogo. Mashine inaweza kuchemsha maji haraka, lakini haiwezi kuiharakisha kolajeni. Maharage makavu nayo lazima yanywe maji na maganda yake yalainike, kazi inayofuata mwendo wake hata joto likija kwa njia gani. Wali wa mchele mbichi huchukua ndani ya maikrowevu karibu muda uleule wa sufuriani, na hauachi ukoko chini. Kisamvu kibichi ni suala zito zaidi: hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu ili kuondoa viambato vinavyotoa sianidi, na hakifai kabisa kupikwa kwa dakika chache kama mchicha.

Kuna pia mwiko. Ugali huiva kwa kusongwa, na tui la nazi hukorogwa ili lisikatike. Ndani ya maikrowevu mlango umefungwa, hivyo mpishi hulazimika kusimamisha mashine, kufungua, kukoroga na kurudisha. Ugali unapikika kwa njia hiyo, na wapo wanafunzi na wapangaji wa chumba kimoja wanaoupika hivyo, lakini ulaini wake hutegemea ni mara ngapi mtu amekubali kufungua mlango.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake, na haupewi haki inayostahili. Mboga za majani zinapopikwa kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, sukari, chumvi za asili na vitamini C hubaki kwenye jani badala ya kuhamia kwenye maji ya kumwagwa. Rangi nayo hudumu, kwa kuwa klorofili hufifia na kuwa ya kijani-kahawia kadiri jani linavyokaa motoni pamoja na asidi zake lenyewe. Kabichi inadai uangalifu, maana harufu yake ya salfa hufungiwa ndani ya bakuli ikiwa itapikwa kupita kiasi.

Samaki huenda ndiye anayeifaa mashine hii kuliko chakula kingine chochote. Nyama yake ina kolajeni kidogo, nayo hulainika kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo haihitaji muda. Kipande cha nguru chenye unene wa sentimita mbili kiko ndani ya kina kinachofikiwa na mawimbi moja kwa moja. Kikifunikwa na tangawizi, ndimu na giligilani, huiva kwa dakika chache, nyama yake ikiachana vizuri na majimaji yake yakawa mchuzi. Samaki wa kupaka bado atahitaji makaa. Mwandishi wa mapishi wa Marekani Barbara Kafka alijenga sifa kubwa kwa kutetea mapishi ya namna hii katika kitabu chake Microwave Gourmet cha mwaka 1987, na Nathan Myhrvold na Maxime Bilet walitenga sura nzima kwa ajili ya maikrowevu katika Modernist Cuisine at Home ya mwaka 2012. Huko Uhispania, katika mgahawa wa elBulli, Albert Adrià alibuni keki inayofanana na sponji kwa kupuliza rojo yenye gesi ndani ya kikombe na kuipika kwa maikrowevu kwa chini ya dakika moja. Oveni haiwezi kutoa wepesi ule, kwa sababu ganda lingekwisha kujifunga kabla mapovu hayajatanuka.

Kiporo, ambacho ndicho kazi ya kila siku ya mashine hii katika nyumba nyingi, kina pande zote mbili ndani yake. Wali uliolala huwa mgumu kwa sababu molekuli za wanga, zikipoa, hujipanga upya na kukaza. Joto la zaidi ya nyuzi 60 pamoja na unyevu huzilegeza tena, kwa hiyo wali ulionyunyiziwa maji na kufunikwa hurudi karibu na ulivyokuwa, tena vizuri kuliko kwenye sufuria inayounguza chini na kuacha juu baridi. Chapati na mkate vinapata ulegevu huohuo, lakini ndani yake joto hupanda kupita kiasi kinachohitajika: maji hutoroka kama mvuke, sehemu ya wanga huvuja kutoka kwenye chembe zake, na vikipoa wanga huo hushikana kwa ukaidi. Kikaango chenye moto, dakika moja kila upande, hurudisha chapati pamoja na uso wake mkavu. Nyama ya kiporo ina tatizo jingine. Madini ya chuma yaliyomo ndani yake huchochea mafuta kuoza taratibu hata ndani ya friji, na harufu ya kuchacha hutokea ikipashwa kwa chombo chochote. Tangawizi na karafuu hupunguza kasi hiyo, na ni sababu mojawapo ya pilau ya jana kuendelea kuwa tamu.

Malalamiko ya chakula kuwa na moto pembeni na baridi katikati nayo yana msingi. Mawimbi hugonga kuta za sanduku na kukutana yenyewe kwa yenyewe, yakiacha vituo vya joto kali na vituo vya baridi vilivyotengana kwa sentimita kama sita, na sahani inayozunguka hupunguza tatizo bila kulimaliza. Chakula kilichoganda huongeza ugumu, kwa kuwa barafu hunyonya mawimbi kidogo sana kuliko maji. Ukingo wa kuku ukishayeyuka, hunyonya zaidi, ukapata moto na kuiva huku mfupa ukiwa bado kwenye barafu. Wanaopika kila kitu kwa nguvu kamili hukosa kifaa muhimu kuliko vyote kwenye mashine yao: kitufe cha kupunguza nguvu, kinachoipa joto nafasi ya kusambaa lenyewe, pamoja na dakika mbili za kuacha chakula kitulie kabla ya kuliwa.

Biashara ya chakula imeshaacha kuchagua upande. Oveni za kampuni ya TurboChef, ambazo mtandao wa migahawa wa Subway ulianza kuzitumia mwaka 2004 kuchoma sandwichi zake, hupuliza hewa ya moto kwa kasi huku mawimbi yakipasha ndani, hivyo ganda na kiini huwa tayari kwa pamoja. Jiko la nyumbani linaweza kufanya vivyo hivyo kwa hatua mbili. Viazi vya karai au muhogo vikiivishwa kwanza ndani ya maikrowevu, huhitaji mafuta ya moto kwa ajili ya uso tu. Biringanya hulainika kwa mvuke wake kisha hupata rangi juu ya moto. Kuku aliyepikwa kwanza kwa nguvu ndogo hukaa muda mfupi juu ya makaa, bila nje kuungua wakati ndani hajaiva.

Vitufe vya mashine nyingi zinazouzwa vimeandikiwa bisi, pizza na viazi, na vijitabu vyake huelekeza kwa vyakula vya masoko mengine. Mwongozo unaosema nguru wa unene fulani aive kwa dakika ngapi, mchicha ufunikwe au la, kiazi kitamu kishushiwe nguvu wakati gani na chapati isipite sekunde ngapi, ungewafaa wapishi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar kuliko kitufe chochote cha pizza. Ni kazi inayowezekana, na wenye ujuzi wa kuiandika ni wale ambao tayari wanajua pilau inayofaa ina rangi gani.